Sura ya Nane: Mistari Sitini ya Soya

Koplo Fausta Mapunda alifika kwenye shamba la mbegu la Mshangano saa mbili asubuhi. Alikuwa na muda mpaka saa tisa alasiri. Hapo ndipo zingetimia saa ishirini na nne tangu Thadei, mpuliziaji dawa wa kikundi cha wanawake wenye shamba hilo, alipokamatwa. Kama lisingepatikana jambo jipya, jalada lingekwenda mahakamani, naye angepelekwa rumande kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi.

Ushahidi mzito kuliko wote katika jalada hilo ulikuwa maelezo ya Thadei mwenyewe. "Nilichanganya dawa mimi. Nilipuliza mimi. Hapakuwa na mtu mwingine." Kisha sahihi. Aliyeyaandika ni Fausta. Jana jioni aliyaona maelezo safi. Leo asubuhi aliyasoma tena akiwa amesimama kaunta, akaona hayana hata neno moja la kumtoa mtu huyo ndani.

Mwenyekiti wa kikundi, Rosemary Haule, alimsubiri ukingoni mwa shamba, amevaa buti za mvua na kukunja mikono.

"Karibu uone msiba," alisema.

"Poleni, mama."

"Pole haioti. Robo eka hii ilikuwa mbegu ya wanawake thelathini na wawili kwa msimu ujao. Mkaguzi wa mbegu alikuwa aje mwezi wa tatu. Sasa aje akague nini?"

"Thadei alipuliza lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Jumatano soya ikaanza kujinyonganyonga. Tukasema labda itaamka. Ndiyo hiyo, imeamka?"

Fausta aliinama. Mashina ya soya yalikuwa yamejisokota kama kamba iliyolowa, majani yamekunjamana, mengine yamekauka kabisa. Alitoa daftari.

"Jana ulisema alikuwa na kinyongo na kikundi."

"Mwezi uliopita alitaka mke wake, Aurelia, tumwingize. Tukamwambia nafasi zimejaa. Akasema, 'Siku moja mtaniita.' Watu kumi walisikia."

"Hilo ni tishio?"

"Ungesikia alivyolisema." Rosemary alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Halafu Jumamosi, siku mbili kabla ya kupuliza, alionekana Lizaboni dukani kwa Derick, wanacheka. Derick anauza mbegu za soya. Tukiwa na yetu, atamwuzia nani?"

Fausta aliandika jina la Derick akalipigia mstari. Kisha akaanza kutembea. Alihesabu mistari ya soya mmoja mmoja, akisimama kila mara kukwangua tope jekundu kwenye soli. Kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini na mbili, soya ilikuwa imekufa. Kutoka hapo hadi wa arobaini na moja ilikuwa hai, lakini majani ya juu yalijikunja kama vikombe. Baada ya hapo ilianza kunyooka, na mstari wa sitini, wa mwisho, ulisimama kijani kama hapakupita kitu.

Nyasi, kwa upande wake, zilikuwa zimekufa kila mahali, mwanzo hadi mwisho.

"Robo eka ni bomba ngapi za dawa?" alimwuliza Rosemary.

"Tatu."

"Alianzia upande gani?"

"Huku tulikosimama. Kila siku anaanzia huku, njia iko huku."

Fausta aling'oa miche sita na mashada matatu ya nyasi, akaviweka kwenye mfuko wa kaki na kuandika namba ya mstari juu ya kila fungu. Rosemary alimtazama kama mtu anayemwona daktari akipima maiti homa.

"Afande, muuaji mnaye. Huku unatafuta nini?"

"Natafuta kwa nini alichoka kuua alipofika mstari wa ishirini na mbili."

*

Duka la Derick lilikuwa limebanwa kati ya saluni na banda la chipsi. Mwenyewe alikuwa anapanga chupa za dawa, kijana mnene mwenye kalamu sikioni.

"Karibu, afande. Leo nimeua nini?"

"Soya ya akina mama wa Mshangano, wanasema."

Derick aliacha kutabasamu. "Wamesema hivyo kweli?"

"Jumamosi ile ulikuwa unacheka na Thadei. Mlikuwa mnacheka nini?"

"Tulimcheka mteja aliyetaka dawa ya kuua magugu na mashemeji kwa pamoja." Alimtazama Fausta, akaona hacheki. "Thadei alinunua kichupa kimoja cha dawa ya soya. Nakala ya risiti hii hapa. Kimoja tu."

Fausta alimwaga mfuko juu ya meza. Derick alivaa glavu bila kuambiwa. Alichukua nyasi kwanza, akashika jani la katikati na kulivuta. Lilichomoka bila nguvu, mwisho wake umeoza na kuwa kahawia.

"Hii kazi ya dawa niliyomwuzia," alisema. "Inaozesha nyasi moyo. Lakini haigusi mmea wa majani mapana, na soya ni jani pana. Ndiyo maana inaitwa dawa ya soya." Akachukua mche uliojisokota. Alikaa nao muda mrefu. "Hii si kazi yake. Hii ni dawa ya mahindi. Yenyewe ni kinyume: inaua majani mapana, mahindi na nyasi inaviacha."

"Huenda Thadei alibadilisha chupa. Alinunua yako, akapuliza ya mahindi."

"Basi nyasi zingekuwa hai, zinatucheka. Zimekufa. Zilipulizwa dawa mbili kwa pamoja, afande, ndani ya bomba moja."

Fausta alipanga miche kwa namba zake. Wa tano ulikuwa mkavu. Wa thelathini ulikuwa umejikunja. Wa hamsini na nane ulikuwa mzima.

"Bomba la kwanza limeua," alisema polepole. "La pili limejeruhi. La tatu limepita salama. Kama dawa ya mahindi ingekuwa ndani ya kichupa chako, mabomba yote matatu yangeua."

"Namshukuru Mungu kwa hesabu zako."

"Na kama Thadei angekusudia kuharibu, asingeishia bomba la kwanza."

"Dawa ya mahindi ilikuwemo ndani ya bomba kabla hajaanza," Derick alisema. "Kila alipojaza maji mapya ikapungua. Mwulize aliyelitumia kabla yake."

Fausta alimpigia Rosemary akiwa bado mlangoni. Saa nne na dakika arobaini.

"Bomba lilikuwa kwa nani kabla ya Thadei?"

"Nitajuaje? Linatembea kama kuku. Wanaoliazima ni watatu: Mzee Kassian, Mama Chiku na Bibi Theodosia. Anayemaliza anampelekea Thadei nyumbani."

"Huwa wanaliosha?"

"Wanalijaza maji. Ni desturi yetu, bomba la kikundi halirudi kavu. Shamba liko juu, mto uko bondeni. Anayerudisha anajaza, ili anayefuata asianze kazi kwa kushuka mlima." Kisha Rosemary akauliza, "Kwani maji yana nini?"

"Bado sijui, mama," Fausta alisema, akakata simu.

*

Thadei alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, peku, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali kwa sababu mkanda wake ulikuwa kaunta. Chumba cha pili, mlevi mmoja aitwaye Iddi alikuwa amelala kwa ubavu, uso kwenye nondo.

"Siku ile bomba ulilikuta wapi?" Fausta aliuliza.

"Mlangoni kwangu."

"Lilikuwa na maji?"

"Limejaa. Kama kawaida."

"Hukusikia harufu?"

"Afande, bomba la dawa linanuka dawa mwaka mzima. Nikaweka ya soya, maji yakawa kama maziwa. Ndivyo yanavyokuwa. Nikabeba."

"Kwa nini jana hukuniambia?"

"Jana uliniuliza nani alipuliza."

Fausta alifungua daftari.

"Leo nakuuliza nani alilirudisha. Mzee Kassian?"

"Mzee Kassian hajaingia shambani tangu goti limsumbue. Mahindi yake yanapaliliwa na wajukuu, kwa jembe."

"Mama Chiku?"

"Yule anasema dawa inaua udongo. Bomba analichukua kupulizia chawa wa kuku."

"Mwaka huu amelichukua?"

"Hajalichukua."

"Basi Bibi Theodosia."

Thadei alisimama. Aligeuka akautazama ukuta, mgongo kwa Fausta, mkono bado umeshika suruali.

"Usilitaje jina hilo humu ndani."

"Ni nani kwako?"

Mlevi Iddi alijikohoza kutoka chumba cha pili. "Ni mkwe wake, afande. Mama yake Aurelia."

"Iddi, nyamaza."

"Namsaidia tu. Mkwe akikuona hivyo, peku na suruali mkononi, si anamrudisha binti nyumbani?"

Fausta alisogea karibu na nondo, akasema kwa sauti ya chini. "Ulijua tangu lini?"

"Jumatano nilipoona soya imejisokota. Nimepuliza miaka tisa, naijua dawa ya mahindi ikigusa jani pana." Alizungumza na ukuta. "Sisi na mkwe hatupishani njia moja. Nikimwona anakuja, natoka barabarani nasubiri apite. Halafu nimlete polisi?"

"Hakuna anayesema alikusudia."

"Wale wanawake walioko nje tangu jana, wananichukia mimi. Sawa. Mimi nimezoea, ni fundi tu wa kuitwa. Yeye ndiye aliyewafundisha kupanda soya. Amezeeka nao. Wakijua, atakaa na nani?"

"Una watoto wawili, Thadei."

"Wanaye bibi yao. Ndiyo maana nasema." Aligeuza kichwa kidogo tu. "Acha ulivyoandika. Hakuna uongo mle."

Hilo ndilo lililomtesa Fausta. Hapakuwa na uongo mle. Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na robo.

*

Bibi Theodosia alikuwa barazani akichambua majani ya maboga, akivuta nyuzi kutoka kwenye vikonyo na kuzitupa pembeni. Alikuwa mwembamba na mwenye mikono mikubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda. Umetoka wapi na jua hili?"

"Mjini. Mimi ni koplo Fausta, wa polisi."

"Polisi mbona mdogo hivi." Alimpa kigoda. "Ukimtafuta mume wa Aurelia hayupo. Amekwenda Peramiho kupulizia watu mashamba. Aurelia kaniambia."

Fausta alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kama angemwambia sasa, neno lolote litakalofuata lingeonekana limesemwa ili kumwokoa Thadei. Alijua kwamba kunyamaza huku ni mtego, na kwamba anautega kwa mwanamke aliyetoka kumpa kigoda. Alitoa kalamu.

"Nimekuja kuuliza kuhusu bomba la kikundi. Mwezi huu ulilitumia?"

"Nililitumia, ndiyo. Mahindi yangu yalizidiwa na magugu. Chupa ile pale."

Ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari chini ya paa, mbali na watoto. Fausta aliishusha kwa kutumia kitambaa, akasoma karatasi yake. Dawa ya mahindi. Majani mapana.

"Ulipima vipi?"

"Kwa kifuniko. Mwuzaji alisema vitatu kwa bomba. Niliweka vitano, magugu yenyewe yalikuwa sugu."

"Dawa ilitosha?"

"Ilizidi. Shamba likaisha, mimi bado nina nusu bomba."

Fausta aliandika: *nusu bomba*. "Ukafanyaje nayo?"

"Nilijazia maji nikalirudisha." Alisema kama anaeleza jinsi ya kusonga ugali. "Maji matupu kila mtu anarudisha. Mimi nikasema, wenzangu wana robo eka yao ya mbegu, nyasi zimewazidi. Nimwage dawa chini wakati wao wanaihitaji? Nikawaachia. Nililibeba mwenyewe mgongoni, na miaka yangu hii. Nikaliweka mlangoni pa mume wa Aurelia, yeye akiwa hayupo."

"Uliwaambia kikundi?"

"Zawadi ya kutangaza ni zawadi?"

Kalamu ilisimama. Fausta aliyasoma aliyoandika, akaandika saa pembeni: saba na dakika ishirini. Kisha akaweka daftari magotini.

"Bibi, dawa ile inaua majani mapana."

"Ndiyo. Magugu."

"Na soya ni jani pana."

Theodosia alikuwa ameshika jani la maboga. Alilifungua juu ya kiganja, likakijaza. Akalitazama, akalitazama.

"Nilikwenda kuwapa pole," alisema hatimaye. "Ijumaa. Nilikaa na Rosemary pale shambani tukalia wote wawili. Alinishika mkono."

"Thadei hayupo Peramiho. Yuko mahabusu tangu jana, kwa ajili ya soya hiyo."

"Amesema ni mimi?"

"Hapana. Amekataa kabisa. Amesema hapakuwa na mtu mwingine."

Kikongwe aliliweka jani kwenye ungo pamoja na mengine. Alijifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, mpaka Fausta akainamisha macho.

"Ulivyoniuliza, ulikuwa unajua tayari?"

"Nilikuwa nadhani."

"Ukaniacha niseme."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Andika jina lote," Theodosia alisema. "Theodosia Ngonyani, mjane wa Amedeus. Dole gumba sitaki. Najua kusaini."

*

Afande Muhsini, mkuu wa upelelezi, alisoma maelezo akiwa amesimama. Saa nane na dakika ishirini na tano.

"Koplo, jana uliniletea mtu mmoja aliyekiri. Leo unaniletea wa pili. Kesho utaniletea mbuzi?"

"Kesho hapana, afande."

"Huyu bibi ni mkwe wake. Nitajuaje kwamba hamfichi mtu wake?"

"Alieleza vifuniko vitano na nusu bomba kabla hajajua Thadei yuko ndani. Nimeandika saa. Alidhani yuko Peramiho."

Muhsini alirudi ukurasa wa nyuma, akatafuta mahali hapo, akapaona. Alitazama miche iliyopangwa juu ya meza yake kwa namba, mkavu, uliojikunja, mzima. Aliugusa wa katikati kwa ncha ya kalamu.

"Hakuna nia," alisema.

"Hakuna. Kwa yeyote kati yao."

"Hilo ataliamua wakili wa serikali, siyo mimi na wewe. Thadei atoke kwa dhamana ya kituo. Maelezo yote mawili yaende na jalada. Bibi naye asitoke Songea mpaka tumwite." Alitia sahihi. "Na wale akina mama getini, nani atawaeleza?"

"Bibi amesema atawaeleza mwenyewe."

Fausta alichukua funguo. Theodosia, aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma, alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, amevaa viatu vyake vya kanisani. Ilikuwa korido moja tu; anayetoka mahabusu hana njia nyingine.

Alifungua mlango wa nondo. "Thadei, toka."

Thadei hakusogea. "Nani yuko hapo nje?"

"Wewe unajua."

"Basi nitasubiri aondoke."

"Ameniambia haondoki mpaka akuone umetoka."

"Hawezi kuniona hivi." Alijitazama miguu. "Funga mlango, afande. Aondoke kwanza."

"Siwezi kukufungia. Umeachiwa."

"Na mimi siwezi kutoka."

Iddi alicheka chumba cha pili, akaacha. Mlango ulikuwa wazi, na Thadei amesimama hatua moja ndani yake. Fausta alirudi korido.

"Bibi, anaona haya kupita."

"Ni haki yake." Theodosia alifikiri. Kisha akavuta kanga kichwani, akageukia ukuta mpaka paji la uso likagusa chokaa. "Mwambie sioni kitu."

Fausta alikwenda akamwambia.

"Mwulize kama amefumba na macho."

"Amefumba," Theodosia alisema kutoka ukutani, akimwambia Fausta.

Thadei alitoka. Alipita ameambaa ukuta wa upande wa pili, ameinama, suruali mkononi, nyayo zake zikitoa sauti ndogo kwenye saruji. Alipofika sawa na benchi alisimama. Mabega ya Theodosia yalitikisika chini ya kanga mara moja.

"Koplo," alisema kwa ukuta, "huyo anayepita, mwambie ugali wa jana upo. Aurelia ampashie."

"Mwambie nimesikia," Thadei alisema, akaenda kaunta kuchukua mkanda na viatu vyake. Askari wa zamu alimtoa kwa mlango wa nyuma.

Theodosia aligeuka taratibu. Chokaa ilikuwa imemshika kwenye paji la uso. Kutoka getini zilisikika sauti za wanawake wakiuliza mbona mlango wa mbele haufunguliwi, na moja ilipanda juu ya nyingine zote.

"Huyo ni Rosemary?"

"Ndiye."

"Wako wangapi?"

"Karibu wote, bibi."

Fausta alinyoosha mkono kumsaidia kuinuka. Theodosia aliushika, mkono mkubwa na mkavu, lakini hakuinuka. Alitazama mlango wa mbele, kisha korido nyuma yake, mpaka kule mwisho, ambako mlango wa nondo ulikuwa bado wazi.

"Hawajui nimekuja huku," alisema. "Niache nikae kidogo."